Kijiji cha India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapoandika habari za siasa za India, maswali yanayorudi ni yaleyale, na mengi yanahusu kijiji. Nimeyaweka pamoja hapa. Tahadhari moja kabla hatujaanza: mwanasiasa wa Delhi akilitamka neno "kijiji", sikiliza kwanza anatetea nini, ndipo uulize ni kijiji gani. Mara nyingi hakipo kwenye ramani.

Vijiji vya India ni vingapi?

Sensa ya 2011 ilipata zaidi ya 640,000. Usishtuke ukisoma kwingine kwamba ni karibu 597,000. Hivyo ndivyo vyenye watu. Vilivyobaki ni vya kwenye daftari la kodi ya ardhi: vina jina, vina mipaka, vina namba, lakini hakuna jiko linalofuka moshi. Mwaka huo watu milioni 833 waliishi vijijini, karibu 69 katika kila 100. Sensa iliyotakiwa kufuata mwaka 2021 haikufanyika kwa wakati wake, ndiyo maana mpaka leo watu bado wanabishana kwa tarakimu za 2011.

Jambo la kuchekesha ni kwamba sensa haielezi kijiji ni nini. Inaeleza mji. Ukiacha miji iliyopewa hadhi hiyo kisheria, mji ni mahali penye watu wasiopungua 5,000, wanaofika 400 kwa kilomita ya mraba, na ambapo angalau robo tatu ya wanaume wenye kazi hawategemei kilimo. Pasipotimiza masharti hayo panaitwa kijiji. Kazi za wanawake hazimo kwenye kipimo hicho.

Maneno "jamhuri ndogo" yalitoka wapi?

Kwa Mwingereza mtoza kodi. Charles Metcalfe, ofisa wa Kampuni ya India Mashariki, aliandika mwaka 1830 kwamba jumuiya za vijiji ni jamhuri ndogo, kwamba zina karibu kila zinachohitaji ndani yake, na kwamba hudumu pale ambapo hakuna kingine kinachodumu. Wafalme huja na kuondoka, kijiji kipo palepale. Maneno matamu, lakini yalikuwa ndani ya waraka wa mapato. Mabishano ya wakati ule yalikuwa haya: kodi ya ardhi atozwe mkulima mmoja mmoja, au kitozwe kijiji kizima? Metcalfe alitaka kijiji kizima, kwa hiyo ilimfaa kukionyesha kuwa kitu kimoja kisichovunjika.

Mwaka 1853 Karl Marx, akiandika kwenye gazeti la New York Daily Tribune, aliichukua picha ileile akaigeuza juu chini: vijiji hivyo vyenye sura ya upole ndiyo msingi wa udikteta wa Mashariki. Mwaka 1871 mwanasheria Henry Maine akaona humo utoto wa Ulaya. Watu watatu, picha moja, shabaha tatu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika jembe huko.

Je, vijiji hivyo vilijitegemea kweli?

Anza na chumvi na chuma. Si kila kijiji kina bahari au mgodi, na hakuna mkulima anayelima kwa mikono mitupu. Halafu njoo kwenye harusi. Sehemu kubwa ya kaskazini mwa India binti haolewi kijijini kwao, kwa sababu vijana wote wa pale huhesabiwa kaka zake. Kwa hiyo kila nyumba ina mama, mke na mke wa mtoto waliotoka kwingine, huku mabinti zake wakiwa wametawanyika vijiji vya jirani. Kijiji kinachojitosheleza huko kingekosa wake ndani ya kizazi kimoja. Kusini ni tofauti, maana jati nyingi zinakubali mtu kuoa binamu yake, mtoto wa mjomba au wa shangazi, na mwanamke anaweza kuzeeka hatua chache kutoka kwa mama yake. Nikisema jati nina maana ya kundi ambalo mtu huzaliwa ndani yake, lenye kazi zake za asili, ndoa zake na cheo chake mbele ya makundi mengine.

Sisi wa pwani tulipaswa kulijua hili zamani. Pamba iliyolimwa vijijini Gujarat ilifumwa, ikapakiwa Khambhat, na Wareno walipofika Kilwa na Mombasa waliwakuta watu wamevaa nguo hizo.

Pale ambapo kijiji kilijitegemea kweli ni kwenye kazi za mikono. Kinyozi, dobi, mfinyanzi na seremala walikuwa na familia zao za kuzihudumia, baba kwa mwana, na malipo yao yalikuwa fungu la nafaka wakati wa mavuno. Mmisionari wa Kimarekani, William Wiser, aliueleza utaratibu huo mwaka 1936 kama mtandao wa kutegemeana. Watafiti waliomfuata wakauliza swali dogo: pishi ya kupimia nafaka ilikuwa mkononi mwa nani? Mwa mwenye shamba.

Gandhi alizaliwa kijijini?

La. Alizaliwa mwaka 1869 Porbandar, mji wa bandari, na baba yake alikuwa waziri mkuu wa dola ndogo ya hapo. Alisomea sheria London, akafanya kazi Durban na Johannesburg. Alihamia kijijini mwaka 1936 akiwa na miaka 66, mahali palipoitwa Segaon, karibu na Wardha, ambapo baadaye pakabadilishwa jina kuwa Sevagram, kijiji cha huduma. Kibanda chake cha udongo bado kipo.

Si kweli kwamba alikipenda kijiji kama kilivyokuwa. Aliandika kwamba badala ya vitongoji vya kupendeza, India imejaa marundo ya samadi, na alitumia miaka kufundisha watu kuchimba vyoo na kufunika kinyesi. Alichokipenda ni kijiji kinachoweza kuwa: chenye kusokota pamba yake, kuamua kesi zake, kulinda maji yake, na kuungana na vingine kama mawimbi ya bahari yanavyopanuka bila wimbi moja kulikalia lingine. Tarehe 5 Oktoba 1945 alimwandikia Jawaharlal Nehru, ambaye baadaye angekuwa waziri mkuu wa kwanza wa India, barua kuhusu jambo hili, na humo akakiri mwenyewe kwamba kijiji anachokisema kingali mawazoni mwake.

Nehru alijibu siku nne baadaye, kwa heshima lakini bila kuzunguka: kijiji, kwa kawaida, kiko nyuma kiakili na kiutamaduni, na hakuna maendeleo yanayoweza kutoka kwenye mazingira ya namna hiyo. Alitaka viwanda, mabwawa na umeme. Wengi hudhani ugomvi wa India ni wa wazee hawa wawili. Mimi naona ugomvi wenyewe hasa ulikuwa na mtu wa tatu.

Kwa nini Ambedkar alikichukia kijiji?

Bhimrao Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 kwenye kambi ya jeshi ya Mhow, kwa kuwa baba yake alikuwa askari. Ukoo wake ni wa jati ya Mahar, moja ya zile zilizoitwa za wasioguswa, yaani waliohesabiwa najisi. Leo wenyewe hujiita Dalit. Mwaka 1901, akiwa mtoto wa miaka kama tisa, alipanda treni pamoja na watoto wenzake wa nyumbani kumfuata baba yake aliyekuwa akifanya kazi Koregaon. Walishuka stesheni ya Masur wamevaa vizuri, na mkuu wa stesheni akawadhania watoto wa Brahmin, jati ya juu ya makuhani. Akawauliza ninyi ni nani. Wakajibu, Mahar. Uso ukambadilika. Wenye mikokoteni ya ng'ombe walikataa kuwabeba, mmoja baada ya mwingine, mpaka akapatikana aliyekubali kwa nauli mara mbili na kwa sharti kwamba watoto waendeshe wenyewe, yeye atembee kwa miguu pembeni. Kapu lao lilikuwa na chakula cha kutosha. Usiku ule walilala na njaa, maana njia nzima hawakupata mtu wa kuwapa maji ya kuteremshia.

Mtoto huyo ndiye aliyesimama tarehe 4 Novemba 1948 mbele ya Bunge la Katiba kuwasilisha rasimu aliyoisimamia. Wajumbe walikuwa wakilalamika kwamba rasimu imekisahau kijiji. Akawauliza: kijiji ni nini kama si shimo la watu wasioona mbali zaidi ya mipaka yao, pango la ujinga, la fikra finyu na chuki za makundi? Akasema anafurahi kwamba rasimu imekiacha kijiji na kumchukua mtu mmoja mmoja kuwa msingi wa nchi.

Ukitaka kuelewa hasira ile, angalia kijiji kilivyopangwa. Kwa Kitamil, lugha ya kusini, pana maneno mawili. Uur ni kijiji: hekalu, kisima, barabara, nyumba za wenye ardhi. Cheri ni kule wanakoishi Dalit, kando, baada ya kiwanja kitupu ambacho unakivuka kabla sigara moja haijaisha. Mtu wa cheri akiulizwa unakwenda wapi, anaweza kusema anakwenda kijijini, ilhali kwa serikali yumo humohumo. Maharashtra nako palikuwa na maharwada nje ya makazi. Katiba ilipiga marufuku utengano huo katika ibara ya 17, lakini kwenye vibanda vya chai vya sehemu kadhaa desturi ya bilauri mbili ilidumu miongo mingi baadaye: ya wote kwenye meza, na nyingine inayoning'inia nje, ambayo Dalit anaichukua mwenyewe, anakunywa, na anaisuuza mwenyewe.

Kwa hiyo Metcalfe alipoandika "jamhuri", na Gandhi alipoota mawimbi, Ambedkar aliuliza jamhuri hiyo inachotea maji wapi. Mwaka 1927 alikuwa amewaongoza maelfu ya watu Mahad kwenda kunywa maji ya bwawa la umma la Chavdar, ambalo kisheria lilikuwa limefunguliwa kwa wote. Walipigwa kwa ajili hiyo.

Basi katiba iliishia kusema nini?

Waliokitetea kijiji walipata ibara ya 40, inayoitaka serikali ianzishe panchayati, yaani mabaraza ya vijiji. Iliwekwa kwenye sura ya miongozo, ile ambayo huwezi kuishtakia mahakamani. Ambedkar hakuipinga.

Panchayati ya leo inafanyaje kazi?

Mtanzania ataielewa haraka kuliko Mwingereza. Gram sabha ni kama mkutano mkuu wa kijiji: kila aliyeandikishwa kupiga kura ni mjumbe. Gram panchayat ni kama halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wa kuchaguliwa. Mwenyekiti huitwa sarpanch sehemu nyingi, pradhan Uttar Pradesh, mukhiya Bihar. Yuko pia katibu anayelipwa na serikali, na kama ilivyo kwetu kwa mtendaji, anayeshika daftari na muhuri ana nguvu kuliko cheo chake.

Nehru aliuzindua mfumo huu Nagaur, Rajasthan, tarehe 2 Oktoba 1959, siku ya kuzaliwa Gandhi. Ukadorora. Majimbo mengi yaliahirisha uchaguzi miaka nenda rudi, na fedha hazikushuka. Marekebisho ya 73 ya katiba, yaliyoanza kazi tarehe 24 Aprili 1993, ndiyo yaliyoutia meno: uchaguzi kila miaka mitano, viti vya Dalit na vya watu wa makabila ya asili kulingana na idadi yao, na theluthi moja ya viti kwa wanawake. Orodha ya shughuli 29, kuanzia maji mpaka shule, iliandikwa kwenye katiba, lakini kuzikabidhi kwa vijiji kukaachwa kwa hiari ya majimbo. Hapo ndipo pengo lilipo. Kerala mwaka 1996 iliamua kuzipa halmashauri zake zaidi ya theluthi moja ya bajeti ya maendeleo. Majimbo mengine yalikabidhi orodha yakabaki na pesa.

Wanawake wanaongoza kweli, au wanawekwa tu?

Yote mawili. Bihar ilipandisha viti vyao hadi nusu mwaka 2006, na majimbo mengi yakafuata. Leo wanawake waliochaguliwa ni zaidi ya milioni moja. Kuna neno la mtaani, sarpanch pati, yaani mume wa sarpanch: mke amechaguliwa, mume ndiye anayekaa kitini, na kwenye bango la kampeni picha yake iko ubavuni mwa ya mkewe.

Lakini wachumi Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walitumia bahati nzuri. Vijiji vya kuongozwa na wanawake vilipangwa kwa utaratibu usiotegemea matakwa ya mtu, kwa hiyo wangeweza kuvilinganisha na vingine. Matokeo yao ya 2004, kutoka West Bengal na Rajasthan, yalionyesha kwamba mwanamke akiongoza, fedha huelekea zaidi kwenye mambo ambayo wanawake ndio wanaoyalalamikia, maji ya kunywa kwanza. Mume yupo, lakini mkewe ndiye anayejua bomba liko umbali gani.

Haryana ilikwenda kinyume. Mwaka 2015 ilipitisha sheria kwamba mgombea wa panchayati lazima awe amefika darasa fulani na awe na choo nyumbani, na Mahakama Kuu Kabisa ikaibariki. Wabunge wa jimbo hilo wenyewe hawakudaiwa cheti wala choo.

Panchayati na "khap panchayat" ni kitu kimoja?

Hapana, na magazeti yetu huchanganya sana. Khap ni baraza la wazee wa ukoo, hasa wa Wajat, jumuiya ya wakulima wa Haryana na magharibi mwa Uttar Pradesh. Halichaguliwi wala halitambuliwi kisheria. Linajulikana kwa kuzuia ndoa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu Kabisa ilitamka kwamba kuwaingilia watu wazima wawili waliokubaliana kuoana ni kinyume cha sheria.

Kijiji hupigaje kura?

Neno lenyewe "benki ya kura" lilitoka kijijini. Mwanaanthropolojia M. N. Srinivas alilitumia mwaka 1955 baada ya kuishi kwenye kijiji cha Mysore alichokiita Rampura, akieleza jinsi mzee mwenye ardhi alivyoweza kumpa mwanasiasa kura za watu wake zote kwa mkupuo. Ndiye pia aliyeeleza "jati yenye nguvu": si lazima iwe ya juu kidini, inatosha iwe na watu wengi, ardhi, na jamaa ofisini. (Maandishi yake ya utafiti yaliungua Stanford mwaka 1970, akaandika kitabu kwa kumbukumbu.)

Benki hiyo sasa ina matundu. Kura ni ya siri, vijana wana mishahara ya mjini, na Dalit wana vyama vyao. Mzee bado anaahidi kura, ila hawezi tena kukabidhi.

Mkutano wa kijiji umewahi kuishinda kampuni kubwa?

Ndiyo, Niyamgiri, Odisha. Kampuni ya Vedanta ilitaka madini ya boksiti kwenye milima ambayo Wadongria Kondh, kabila la asili la hapo, huiabudu. Aprili 2013 mahakama iliamuru vijiji viulizwe. Mikutano ikafanyika kwenye vijiji 12 vilivyochaguliwa na serikali ya jimbo, jaji akihudhuria, na vyote 12 vikasema hapana. Kumbuka kwamba vijiji hivi vya milimani ni vya watu wa kabila la asili, si vile hasa alivyovilaani Ambedkar.

Nyerere aliiga ujamaa kutoka India?

Mwalimu alikuwa wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Gandhi, mwaka 1995, na wote wawili walitaka taifa lianzie kijijini. Kufanana kunaishia hapo. Gandhi alitaka kuvirekebisha vijiji vilivyokuwepo; Tanzania ya miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni ya watu ili vijiji viwepo. India haikuwahi kujaribu hilo, na sidhani ingeweza: ungemweka nani jirani na nani?

Kijiji kinakufa?

Kilimo ndicho kinachobana. Sensa ya kilimo ya 2015–16 ilipata wastani wa hekta 1.08 kwa shamba, na urithi unaendelea kulikata. Lakini Machi 2020 nchi ilipofungwa kwa notisi ya saa nne, vibarua wa mijini walianza kutembea kwa miguu mamia ya kilomita. Walikuwa wanarudi kijijini, kwa sababu kule angalau pana nyumba isiyodai kodi.

Miezi michache baadaye wakulima wa Punjab, Haryana na magharibi mwa Uttar Pradesh walipiga kambi mipakani mwa Delhi, Singhu, Tikri na Ghazipur, kupinga sheria tatu za kilimo. Walikaa mwaka mzima. Waliweza kwa sababu vijiji viligawana zamu: familia hii inakwenda na trekta, ile inabaki kumwagilia mashamba ya wote wawili, kisha wanabadilishana. Novemba 2021 serikali ikazifuta.

Patel wa hapa kwetu akisema "gaam" ana maana gani?

Gaam ni kijiji kwa Kigujarati, na kwa familia nyingi za Afrika Mashariki ni swali la kwanza kwa mgeni: gaam yako ipi? Kwa Wapatidar, yaani jati ya akina Patel, wa eneo la Charotar huko Gujarat, jibu lilikuwa na uzito wa posa. Nadiad, Karamsad, Vaso, Sojitra, Dharmaj na Bhadran vilikuwa "vijiji sita", na watu wake walioana wao kwa wao hata kama bwana harusi alizaliwa Kampala na bibi harusi Nairobi. Mtu angeweza kuwa wa Dharmaj maisha yake yote bila kulala hata usiku mmoja Dharmaj.

Fedha nazo zilirudi. Madhapar na Baladia, huko Kutch, Gujarat, vimejaa mabenki na nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa pesa za Kenya na Uingereza. Nyingi zina kufuli mlangoni, funguo ziko kwa jirani, na wenyewe huonekana msimu wa harusi.